Barua kwa Dokta: Ukishapata MD unaenda wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu hii safu inafurika. Safari hii barua zimekuja za aina mbili, za wanaotaka kusoma udaktari, yaani digrii ya MD, na za walioshaingia ambao wanauliza watafanyia wapi kazi. Nimezichanganya makusudi maana kwangu mimi ni swali moja. Nyingine nimezifupisha, majina nimeyaacha vile wenyewe walivyojiita.

Dokta shikamoo. Nimemaliza PCB mwaka huu nimepata one ya 9, Fizikia D, Kemia C, Baiolojia B. Kuna mtu kaniambia MD nisahau niombe tu kozi nyingine, mwingine anasema pointi 6 zinatosha, sasa mi hiyo 6 na 9 yangu sielewi ipi kubwa ipi ndogo. Nyumbani hatuna uwezo wa ada za mamilioni.
— Kijana wa Geita

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza, hao wanaokushauri wanachanganya hesabu mbili. NECTA, baraza la mitihani, wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo ndogo ndo nzuri na bingwa wa darasa ana one ya 3. TCU, tume ya vyuo vikuu, wao wanageuza, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, hapo sasa kubwa ndo nzuri. Wewe kwa NECTA una 4 na 3 na 2 ambayo ni 9, na kwa TCU una 2 na 3 na 4 ambayo nayo kwa bahati tu imeangukia 9, ndo maana umechanganyikiwa na sikulaumu.

Sifa ya chini ya MD kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU ni pasi kuu tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6 na hamna somo hata moja chini ya D. Kwa hiyo umevuka. Mwenzako mwenye A ya Baiolojia na A ya Kemia halafu E ya Fizikia ana pointi 11 na bado yuko nje, hiyo E moja inamtoa, na kila mwaka kuna watoto wanalia kwa hilo. Hesabu za BAM na General Studies hapo hazihesabiwi kabisa.

Ila kuvuka mstari na kupata nafasi ni vitu viwili tofauti. Muhimbili wanaomba watu wa one ya 3, ya 4, ya 5, na wanajaza kabla hawajakufikia wewe. Tangu 2017 unaomba chuo moja kwa moja, sio ule mfumo wa zamani ambapo TCU ndo walikuwa wanakupangia, kwa hiyo usirundike maombi yote sehemu moja yenye jina kubwa. Angalia Bugando, KCMC, UDOM, ile kampasi ya UDSM iliyoko Mbeya, Mtakatifu Fransisko Ifakara, Kairuki, hata SUZA kule Zanzibar. Na dirisha la kwanza ukikosa usikate tamaa, ingia la pili, watu wenye alama kubwa wanapata vyuo vitatu kwa mpigo wanathibitisha kimoja na zile nafasi nyingine zinarudi. Wewe ukipata zaidi ya kimoja thibitisha kwa ile namba ya uthibitisho unayotumiwa, usilale nayo, wapo waliopata nafasi wakaipoteza kwa sababu simu ilikuwa haina chaji.

Ada sasa. Bodi ya Mikopo inakopesha hata walioko vyuo binafsi, ila ada ya chuo binafsi inaweza isifunikwe yote na hiyo tofauti mtaitafuta nyumbani, hivo kaeni na wazee mpige hesabu kabla hujathibitisha na sio baada. Ukija kuajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Samia Skolashipu ni ya wale wa juu kabisa, usiitegemee. Na barua ya Mlipakodi hapo chini isome, inakuhusu kuliko unavyofikiri.

Habari Dokta, kama umenizidi umri shikamoo. Binti yangu kamaliza MD, kamaliza na intanshipu, yale mazoezi ya kazi baada ya digrii, kakaa nyumbani miaka miwili huku anajitolea hospitali bila mshahara. Sasa ajira imetoka kapangiwa Kakonko, Kigoma. Nimelia sana. Nina ndugu yangu mkubwa tu serikalini anasema anaweza kuongea aletwe hapa Dar, ila binti mwenyewe anasema mama niache niende. Nifanyeje?
— Mama wa Tabata

Mama, shikamoo nimeipokea nusu, nusu nakurudishia maana sina hakika. Mwache aende.

Huyo ndugu mkubwa mshukuru na umwombe atulie. Binti asiporipoti ndani ya siku zilizoandikwa kwenye barua nafasi anapewa mwingine, na walioko mtaani wanaoisubiri ni wengi, hiyo simu ya ndugu ikigonga mwamba mtakuwa mmepoteza vyote. Halafu kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Kwenye hospitali kubwa ya mjini daktari mpya yuko mwisho wa foleni, mbele yake kuna bingwa, kuna anayesomea ubingwa, kuna interni aliyeko mazoezini, mpaka mkasi umfikie yeye mgonjwa ameshashonwa. Wilayani mkasi unamfikia wiki ya kwanza. Mama amekwama leba saa nane usiku, daktari ni yeye, anaingia thieta. Baada ya mwaka mmoja atakuwa amefanya operesheni za uzazi nyingi kuliko mwenzake wa mjini, na ngiri, na vidole tumbo, na ajali za bodaboda zisizoisha.

Hapohapo ndo pana hatari yake, sitakuficha. Nyuma yake anaweza asiwepo mtu. Kwa hiyo kabla hajapanda basi atafute namba ya daktari aliyeko kule sasa hivi na amuulize vitu vya maana: wako madaktari wangapi, nani anatoa dawa ya usingizi, damu inapatikana, oksijeni ipo, gari la wagonjwa linatembea au limepaki, na rufaa ikienda Maweni kule Kigoma mjini inachukua saa ngapi. Awe pia na namba ya bingwa mmoja wa uzazi aliyemfundisha ambaye hatakasirika akipigiwa usiku, hii namba ina thamani kuliko godoro utakalomnunulia.

Upande wa hela, mwajiriwa mpya anastahili posho ya kujikimu pamoja na nauli, atunze tiketi na risiti zote, na halmashauri ikisuasua adai kwa maandishi, sio kulalamika kwenye grupu la watsapu. Nyumba aulize mapema. Na ajiandae kwamba daktari mwenye digrii wilayani hakawii kupewa cheo, mara utasikia ni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, na hapo ndo udaktari unaanza kuliwa na vikao, madai ya bima ya NHIF, mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS umegoma, dawa zimeisha, diwani yuko mlangoni. Kama anaweza kukwepa cheo mwaka wa kwanza akwepe, ajifunze kazi kwanza.

Akimaliza miezi 12 ya majaribio atathibitishwa kazini, na baada ya hapo ndo anaweza kuanza kuongea habari za ruhusa ya masomo akasome MMed, yaani ubingwa. Zile kambi za madaktari bingwa zinazozunguka halmashauri zikifika kwake asijifanye ana shughuli, aingie nao thieta kila siku, pale anafundishwa bure na anajulikana.

Na kuna swali hujaliandika ila nalisikia, ataolewa na nani huko. Mama, Kakonko kuna walimu, mahakimu, mabwana shamba, watu wa benki, wote ni vijana na wote wanalia upweke kama yeye. Shida kubwa huwa inakuja baadaye, mume yuko Dar mke yuko Kigoma, na hiyo ya kumfuata mwenza ndo sababu nzito ya uhamisho, au mtu anatafuta wa kubadilishana naye kituo. Likifika mtalishughulikia. Kwa sasa usimpigie kila jioni kumuuliza anarudi lini.

Dokta, mimi nalipa kodi. Hawa watoto tunawasomesha kwa hela zetu halafu wakimaliza wanang'ang'ania mijini. Kwa nini wasifungwe mkataba wa miaka mitano vijijini kwa lazima, asiyetaka arudishe hela?
— Mlipakodi, Morogoro

Hasira yako naielewa ila umempiga asiyehusika. Tulishawahi kuwa na mfumo wa lazima. Mwaka 1961 Tanganyika ilianza uhuru na madaktari wazawa 12, ndo hao nchi nzima. Mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha udaktari Dar, ambacho ndo mzazi wa MUHAS ya leo, na kwa miaka mingi aliyemaliza alipangiwa na serikali na alikwenda. Azimio la Musoma la 1974 likaongeza lingine, fomu siksi hakuingia chuo kikuu moja kwa moja, alipita kazini kwanza na alihitaji kupendekezwa. Na sheria ya 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara, kwa hiyo hata ungetaka kukimbilia mjini ukafungue zahanati yako, ungefungua wapi? Mlango ulikuja kufunguliwa 1991, na hospitali binafsi zikaota walipo wenye hela, yaani mijini. Muda huohuo, miaka ya 1990, ajira za serikali zikabanwa.

Tangu hapo tatizo limegeuka na watu hawajalishtukia. Huwezi kumfunga mkataba mtu ambaye huna fungu la mshahara wake. Yule binti wa Mama wa Tabata amekaa miaka miwili bila kazi wakati Kakonko wanahitaji daktari, sasa hapo nani kamkataa nani? Kumbuka 2017, Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100, wakaja kuomba madaktari 500 kutoka kwetu, na watu wetu wakaomba kwa wingi maana walikuwa mtaani. Mahakama ya Kenya ikasimamisha, na Rais Magufuli akaagiza wale 258 waliokuwa tayari wameomba na wana sifa waajiriwe hapahapa nyumbani. Yaani ilibidi jirani aje kubisha hodi ndo tujue tuna madaktari 258 wamekaa. Na hao walikuwa tayari kwenda Kenya ambako hawajui hata njia, kwa hiyo tusiseme vijana hawapendi kwenda mbali.

Pale unapokuwa na haki ni kwamba akishaajiriwa na kupelekwa, wengi hawakai. Sasa hili la kukaa limechunguzwa sana duniani na jibu linalojirudia linaudhi kwa urahisi wake: anayekaa kijijini ni aliyetoka kijijini. Miongozo ya WHO ya 2010 na ile ya 2021 zote zinashauri hilo, chukua wanafunzi waliokulia vijijini, wafundishie huko. Wajapani walifungua Chuo cha Jichi 1972, kila mkoa unachagua vijana wake wawili au watatu kwa mwaka, wanasomeshwa kwa mkopo, wakirudi mkoani kwao wakafanya kazi miaka tisa mkopo unafutwa. Norwei wana Tromsø huko kaskazini kwenye baridi ambako hamna daktari alikuwa anataka kwenda, wakaweka chuo hukohuko na nafasi za watoto wa kaskazini. Australia wana chuo cha udaktari cha James Cook kule Townsville, tangu 2000, mtindo ni huohuo.

Sisi je? Udahili wetu hauulizi ulikotoka, unauliza alama tu. Na alama za Fizikia na Kemia zinatoka kwenye shule zenye maabara, walimu wa sayansi na umeme, ambazo tunazijua ziko wapi. Tunachuja watoto kwa kipimo kinachompendelea wa mjini, tunamsomesha mjini miaka mitano, intanshipu anafanyia hospitali kubwa, halafu tunashangaa akifika Kakonko anaulizia netiweki.

Maoni yangu, na najua nitapigwa mawe: kila mkoa wenye uhaba upewe idadi yake ya nafasi za MD, zenye mkopo kamili, na ajira imeandikwa tangu siku ya kwanza, daktari wa mkoa huu ukimaliza mshahara wako upo. Mtaniambia nashusha viwango. Sishushi, mstari wa TCU ubaki palepale, D tatu na pointi 6. Nachosema ni kwamba kati ya wote waliovuka, kumpanga wa one ya 3 mbele ya wa one ya 9 ni uamuzi tu wa kugawa nafasi, hatujashushiwa kutoka mbinguni. Kijana wa Geita hapo juu ana sifa, na kuna uwezekano mkubwa kuliko mtoto wa Masaki kwamba utamkuta Geita baada ya miaka kumi. Najua wajanja wataanza kuandikisha watoto kijijini kwa bibi ili wapate hiyo nafasi, basi iangaliwe shule ya msingi alikosoma miaka yote saba. Na mtoto wa mjini akikaa kwa bibi miaka saba, mi hata simkatalii.

Mimi ni tabibu, nina diploma ya klinikal medisini, nipo kituo cha afya wilaya ya Tunduru. Nataka kusoma MD ila naambiwa nikitoka hapa sitarudi. Je nikasome?
— CO wa Kusini

Sifa kwanza: diploma yako iwe na GPA ya 3.0 au wastani wa B, na kidato cha nne uwe na angalau D ya Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hesabu ndo inaua matabibu wengi, kama una F hapo anza kurudia mtihani mwaka huu kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla hujafanya kitu kingine.

Ruhusa ya masomo omba kwa mwajiri kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi. Ukiondoka kimyakimya huo ni utoro na utakuja kukufuata.

Kuhusu kutorudi, wanaokuambia hawajakosea sana. Msumbiji walifuatilia mafundi wao wa upasuaji ambao sio madaktari, na madaktari waliopelekwa hospitali hizohizo za wilaya, baada ya miaka saba asilimia 88 ya mafundi walikuwa bado wapo, madaktari hakubaki hata mmoja. Kwetu hapa kazi hiyo ilifanywa na AMO, madaktari wasaidizi, ambao wengi walikuwa matabibu kama wewe waliorudi darasani miaka miwili, na utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma ukachapishwa 2009 uliwakuta wao ndo wanafanya sehemu kubwa ya operesheni za dharura za uzazi. Halafu ile kozi ikaondolewa ili wote wasome MD. Wenye hoja zao walikuwepo, mimi naona tuliharakisha.

Lakini wewe kasome. Kubeba shida ya nchi nzima kwa kubaki na mshahara wa diploma sio kazi yako.

Sasa daktari. Niko mwaka wa mwisho MBChB, digrii yetu ya udaktari, hapa Eldoret. Wenzangu wanasema nikimaliza intanshipu nikimbie kaunti, eti mishahara inachelewa na kuhama ni ngumu. Na hiyo ya mshahara wa interni tulipigania sana. Unasemaje?
— Msomaji kutoka Kenya

Poa sana. Ya interni nyinyi mmepiga kelele mpaka tukasikia huku: mkataba wa 2017 uliweka kama shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000, mkagoma siku 56 mwaka 2024, kuanzia Machi mpaka Mei, na Desemba wakakubali ile ya zamani.

Ya kaunti ni kweli kwamba tangu ugatuzi wa 2013 mwajiri wako ni kaunti na sio wizara, kwa hiyo kutoka Turkana kwenda Uasin Gishu sio uhamisho wa kawaida, ni lazima mmoja akuachie na mwingine akupokee. Ila kaunti hazifanani. Usiulize watu wa Nairobi, tafuta madaktari wawili watatu walioko kwenye kaunti unayoifikiria uwaulize mshahara wa miezi mitatu iliyopita uliingia tarehe ngapi, na waliotaka kwenda kusomea ubingwa waliruhusiwa na mshahara au bila. Majibu ya hayo mawili yanatosha.

Dokta naomba ushauri wa haraka. Nimemaliza intanshipu, kuna ajenti ananiambia NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, imemtuma kukusanya madaktari Tanzania, ananitaka nitume hela ya usajili kabla ya Ijumaa. Je niende?
— Dr. K, Mbezi

Usitume hata senti. WHO ina orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ya 2023 ina nchi 55 na Tanzania imo, na Uingereza kwa kanuni zao wenyewe waajiri na mawakala hawaruhusiwi kuja kusaka watumishi kwenye nchi hizo. Kwa hiyo ajenti anayesema katumwa na NHS kukusanya madaktari Bongo, ama anavunja kanuni zao ama ni tapeli, na hiyo haraka ya Ijumaa inanipeleka kwenye la pili.

Wewe binafsi kuomba hujakatazwa. Njia ni mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET, kisha mtihani wao wa udaktari, PLAB ya kwanza, kisha PLAB ya pili ambayo unaifanyia Manchester kwa gharama zako, kisha usajili wa GMC, baraza lao la madaktari, na baada ya hapo ndo unaanza kutafuta kazi. Hapo mwisho ndo pabaya siku hizi, waliofaulu PLAB wamekuwa wengi kuliko nafasi, kuna watu wana usajili mkononi na wameomba kazi mpaka wamechoka. Marekani ni mitihani ya USMLE, njia ndefu zaidi na ghali zaidi. Oman na Ghuba kwa ujumla ni uhakiki wa vyeti kupitia kampuni ya DataFlow na mtihani wa kompyuta wa Prometric, ila wengi wao wanataka uwe na uzoefu wa kazi baada ya intanshipu, na wewe huna.

Kwa hiyo kama unataka kweli kwenda, tafuta kazi hapa kwanza, hata ya wilayani, upate huo uzoefu huku unasoma mtihani taratibu. Na ile barua ya Baraza la Madaktari ya kuthibitisha kwamba huna kesi yoyote, hiyo usiiombe sasa, kila nchi ina muda wake wa kuikubali, iombe ukishajua unaenda wapi.